Shajara ya mradi: visanduku vitatu vya soko la Kibuye, Kisumu, Machi hadi Juni 2025

Jumatatu, 3 Machi

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kimetoka, cha mwaka mmoja. Barua ya maadili kutoka chuoni ilinichukua muda mrefu kuliko kuunda saketi yenyewe. Kila mara ilirudi na swali jipya, na la mwisho lilikuwa: "Je, umeme wa mtu ni siri yake?" Nililicheka siku ile. Sasa naona si swali la kijinga, maana ukitazama stima ya kibanda utajua kinafungua lini, kinafunga lini, na siku gani mwenyewe hakuja.

Niandike mradi wenyewe hapa nisije nikausahau. Huu ni mwaka wangu wa pili wa uzamivu, uhandisi wa umeme kwa upande mmoja na kompyuta kwa upande wa pili. Swali langu ni rahisi kulitamka: je, tunaweza kujua kuwa transfoma ya mtaa inaumwa bila kupanda nguzo? Nguzo ni mali ya kampuni ya umeme na kuigusa ni kosa. Soketi iliyo ukutani mwa duka ni ya mwenye duka, naye akikubali, nachomeka kisanduku changu na kuondoka.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, na kila mtu aliandika habari zake. Hayo si yangu. Mimi nafuata yale ya transfoma moja, vibanda arobaini na mama mmoja mwenye friza. Hayo hayafiki kwenye habari za saa moja.

Jumanne, 11 Machi

Kisanduku cha kwanza kinasoma volti. Ndani kuna ESP32, chipu ambayo ni kompyuta ndogo, moduli ya ZMPT101B ya kushusha volti 240 hadi kiasi ambacho chipu inaweza kumeza, kadi ya kumbukumbu, betri, na SIM800L ya kutuma data kwa laini ya simu. Kinachukua sampuli 3,200 kwa sekunde, yaani 64 katika kila wimbi la herzi 50, kisha kinapiga hesabu ya wastani wa volti kila sekunde. Hiyo namba moja ya kila sekunde ndiyo inayotumwa.

Siku mbili zilipotea kwa jambo ambalo limeandikwa wazi katika maelezo ya chipu, mimi ndiye sikusoma. ESP32 ina vipimio viwili vya ndani, na cha pili hakifanyi kazi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Maabarani Wi-Fi huwa inawaka daima. Nikawa napata sifuri tu, nikaanza kulaumu waya, kisha moduli, kisha fundi aliyeniuzia moduli. Nimemwomba radhi kwa simu.

Alhamisi, 20 Machi

Kisanduku kinajizima kila kinapotaka kutuma. SIM800L ikizungumza na mnara huvuta hadi ampea 2 kwa kishindo, muda mfupi sana, na chaja yangu haiwezi. Volti zinaanguka, ESP32 inazirai, inaamka, inajaribu kutuma tena, inazirai tena. Nimeweka kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, ya maikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu ya moduli. Kimetulia.

Mshahara wa kufundisha maabara haujaingia, mwezi wa pili huu. Nimenunua kapasita mbili badala ya sita.

Jumatano, 2 Aprili

Visanduku vitatu vimewekwa Kibuye, vyote chini ya transfoma moja. Namba 1 iko kwa mzee anayechomelea milango na madirisha. Namba 2 kwa kinyozi. Namba 3 kwa mama wa samaki, nyuma ya friza yake.

Mzee alinikaribisha kwa shaka. Alikigeuza kisanduku, akakinusa. "Nyathina," yaani mwanangu, "hiki hakitakula tokeni zangu?" Nikamwambia kinatumia kidogo kuliko chaja ya simu. Akakubali, lakini akaniambia nimwandikie hiyo "kidogo" ni ngapi. Nimemwandikia ukutani kwa chaki.

Tangu siku hiyo ananiita daktari. Nimemweleza kwamba bado miaka miwili kama si mitatu, na kwamba pana makala mbili za kuchapisha kwenye majarida kwanza. Akasema mtoto huitwa jina kabla hajatembea.

Jumatano, 9 Aprili

Namba 1 na namba 2 zinacheza pamoja. Moja ikishuka volti mbili na nyingine inashuka volti mbili, sekunde ile ile. Maana yake ziko kwenye fezi moja, yaani waya mmoja wa moto. Transfoma inatoa fezi tatu, nami nilidhani bahati ingenigawia kila kisanduku yake. Nimehamisha namba 2 hadi kwa muuza simu, vibanda vinne mbele. Sasa kila kimoja kina mwendo wake.

Nimeandika hili kwa mistari mitatu tu kwenye daftari la maabara, kama jambo la kuudhi lililokwisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Radi usiku. Wakaaji wa huku wanajua mpangilio wake: mchana upepo wa ziwa hupanda nchi kavu na mvua hupiga upande wa Kericho, Nandi na Kakamega. Usiku upepo hugeuka, na mawingu hujijenga juu ya ziwa lenyewe. Saa tisa usiku dirisha langu lilikuwa jeupe.

Asubuhi namba 3 ilikuwa kimya. Nimeifungua mbele ya mama wa samaki: varista, kinga ya volti kali, imepasuka kama bisi, nyeusi, na harufu yake imeshinda ya samaki. Vingine vyote vizima. Varista ni shilingi chache, ndiyo kazi yake kufa badala ya wengine. Nilitafuta kwenye data nione pigo lenyewe, hakuna kitu. Mshtuko wa radi hufika kilele kwa maikrosekunde chache, na mimi nachukua sampuli moja kila maikrosekunde 312. Ni kama kutaka kumwona nzi akipita kwa kupiga picha moja kwa saa.

Jumanne, 22 Aprili

Friza ya mama wa samaki imeungua.

Nilipofika alikuwa amekwisha kuhamisha samaki kwenye ndoo na barafu ya kununua. Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, leo alitarajia wateja wa hoteli. Nilifungua laptopu palepale juu ya meza yake, nikavuta data ya asubuhi. Namba 3 ilikuwa imepanda ghafla hadi volti 283 na kukaa hapo dakika kumi na moja. Nikamgeuzia skrini nimwonyeshe, kwa furaha ya mtafiti, naomba Mungu anisamehe. Mstari mwekundu umesimama wima kama nguzo.

Aliutazama. Akauliza, "Kwa hiyo kisanduku chako kilikuwa kinaangalia tu?"

Sikuwa na jibu. Nimemlipia barafu ya leo.

Jumatano, 30 Aprili

Modeli ya kwanza, programu ya kutambua hitilafu kwenye data. Nimekata data vipande vya sekunde kumi, nikavichanganya kama karata, asilimia 80 za kufundishia mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) na 20 za kuupima. Vipande vya hitilafu nimevitia alama mwenyewe kwa kuangalia grafu. Matokeo: usahihi wa asilimia 98.

Nimemtumia Prof, msimamizi wangu, picha ya jedwali saa nne usiku. Hakujibu.

Ijumaa, 2 Mei

Prof amejibu, neno moja: "Umechanganyaje?"

Nilijua kabla sijafika mwisho wa neno. Kipande cha sekunde kumi na kile kinachokifuata ni ndugu wa tumbo moja. Ukivichanganya, mmoja anakwenda darasani na pacha wake anakwenda kwenye mtihani. Modeli haikujifunza hitilafu, ilikariri siku. Nimegawa upya kwa siku, wiki tatu za mwanzo za kufundishia na wiki ya mwisho ya kupimia. Asilimia 61.

Na kuna aibu ya pili chini ya hiyo. Kila moduli ya ZMPT101B ina kasoro yake ndogo ya kiwandani, umbo la wimbi linapinda kidogo tofauti. Modeli ilikuwa inatambua namba 3 kwa sura, kisha inasema "hitilafu", kwa sababu alama nyingi za hitilafu nilizitia huko. Nilifundisha kompyuta kumshuku mama wa samaki.

Alhamisi, 8 Mei

Alama za kutia mwenyewe hazitoshi. Nahitaji mtu aliyekuwepo. Nilipomweleza mzee shida hiyo, aliingia ndani ya kibanda, akatoa daftari la shule la kurasa 96, jalada lina mafuta. Kila siku stima ikimharibia kazi huandika, kwa sababu wateja humlaumu kwa kuchelewa na yeye hutaka ushahidi. Ana maneno matatu tu: *imeenda*, *ndogo*, *kali*, yaani stima imekatika, volti ziko chini, volti ziko juu. Mbele ya kila neno, saa.

Nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa kuanzia tarehe 2 Aprili. Matukio 23.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeingiza daftari lote kwenye jedwali na kulilinganisha na visanduku. Halilingani hata kidogo. Mzee anaandika 8.40 *imeenda*, kisanduku kinaonyesha asubuhi ile stima ilikuwa safi kabisa, na mchana ndipo ilikatika. Seva yangu inaandika saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, hilo nalijua, nimeshaongeza saa tatu. Nimekagua mara mbili. Nimeandika: *daftari halitegemeki, huenda anaandika jioni kwa kukumbuka.*

Ijumaa, 16 Mei

Nakiri hapa ili nisilazimike kukiri mbele ya jopo la tasnifu.

Mzee amepiga simu. "Daktari, fungua mashine yako uone, stima imeanza wazimu, saa hizi saa nane na nusu." Nikatazama simu nimwandikie muda. 14:31.

Nikakaa kimya hadi akadhani laini imekatika.

Mimi ninayesema saa nane kila siku ya maisha yangu. Mama yangu akiniambia njoo saa tisa, sijawahi kufika alfajiri. Lakini nilipoona "8.40" ndani ya seli ya jedwali, akili ya kompyuta ilinivaa, nikaisoma kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Mzee anaandika saa jinsi anavyoisema. Saa 8:40 yake ni 14:40 ya simu, na ni 11:40 ya seva. Nimeongeza saa sita kwenye safu nzima ya jedwali.

Matukio 19 kati ya 23 yameangukia juu ya data, tofauti zisizozidi dakika kumi. Mawili, kisanduku chenyewe kilikuwa kimechomolewa. Mawili yaliyobaki namba 1 ilizima peke yake huku jirani wote wa fezi ile wakiwa na stima. Nilimuuliza. Akakuna kichwa: "Hizo… hizo tokeni zilikwisha, nyathina. Lakini mteja sikumwambia hivyo."

Nimefuta ile sentensi ya jana. Kisha nimeirudisha, nikapiga mstari juu yake, ionekane.

Jumapili, 18 Mei

Sasa jambo ambalo siku zote lilikuwa mbele yangu. Tarehe 22 Aprili, dakika zile kumi na moja za mama wa samaki, daftari la mzee linasema *ndogo*. Kwa mzee ndogo, kwa mama kali, dakika ile ile. Nimevuta visanduku vyote vitatu kwa pamoja, kitu ambacho sikuwahi kufanya kwa sababu modeli ilikuwa inahukumu kila kimoja peke yake:

namba 1, volti 180
namba 2, volti 268
namba 3, volti 283

Huo si mzigo mkubwa na si radi. Ni waya wa nyutro, ule wa kurudi wa pamoja wa fezi zote, uliokatika au kulegea pale transfoma. Nyutro ikishika vizuri, kila fezi inapata volti 240 zake. Ikiachia, vibanda vya fezi tatu vinabaki vimeunganishwa kwa mfululizo kati ya fezi na fezi, ambako kuna volti 415, na wanagawana kwa kunyang'anyana. Mwenye mzigo mkubwa, kama mzee na mashine yake ya kuchomelea, anabaki na kidogo. Mwenye mzigo mdogo anamiminiwa. Friza ya mama ilikuwa imetulia kwa kuwa imeshapoa, kwa hiyo ndiyo iliyopigwa.

Jumatano, 28 Mei

Nilikuwa kwenye matatu ya kutoka Maseno, foleni ya Kondele haisogei, nikachora nyuma ya risiti.

Fezi tatu ni pembe tatu za pembetatu yenye pande sawa, kila upande 415. Nyutro ni nukta iliyo katikati, umbali wa 240 kutoka kila pembe. Nyutro ikilegea, nukta inatangatanga. Visanduku vyangu havifanyi kitu kingine ila kupima umbali wa nukta hiyo kutoka kila pembe. Na kuna kanuni ya zamani ya jiometri: ukijua umbali tatu kutoka nukta hadi pembe za pembetatu sawa, unaweza kupata upande wa pembetatu. Huhitaji kujua nukta iko upande gani wala pembe ipi ni ipi. Unajumlisha miraba ya volti tatu na kugawa kwa mbili. Kisha unaongeza eneo la pembetatu ambayo pande zake ni volti hizo hizo tatu, eneo hilo likizidishwa kwa mbili na kwa kipeuo cha tatu. Jawabu ni mraba wa upande.

Nikaweka 180, 268, 283. Upande ukatoka 416. Makanga aliniuliza kama niko sawa.

Uzuri wake ni huu. Kuna siku volti zote za mtaa hupanda pamoja, kila kisanduku kinasoma 250, na kengele ya kawaida ingelia bure. Kwa hesabu hii upande unatoka 433 na nyutro iko palepale katikati: stima ni kali lakini haijapasuka. Tarehe 22 Aprili upande ulikuwa wa kawaida na nyutro ilikuwa imehama volti 61. Siku za amani haizidi 8.

Nimepitisha data yote ya wiki nane. Kila dakika ambayo daftari linasema *ndogo* na muuza simu au mama analalamika *kali*, nyutro imehama. Hakuna mtandao wa neva hapo. Mistari kumi na minne ya programu, inaenea ndani ya ESP32 na nafasi inabaki.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao na Prof. Alisoma risiti yenyewe, sikuinakili. Akatabasamu, kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa: "Hii ni hesabu nzuri ya sekondari. Uzamivu uko wapi?"

Tulibishana karibu saa nzima. Nilichotoka nacho ni kwamba hesabu inafanya kazi kwa sababu mimi, kwa miguu yangu, nilihakikisha visanduku vitatu viko kwenye fezi tatu za transfoma moja. Ile ya tarehe 9 Aprili, mistari mitatu ya kuudhi, ndiyo swali. Ukiwa na soketi mia mbili mjini, hujui ipi iko chini ya transfoma ipi wala fezi ipi, na mafundi wa nguzo hubadilisha waya bila kumwambia mtu. Je, kompyuta inaweza kuzipanga yenyewe kwa kutazama volti zinavyoshuka na kupanda pamoja, na kugundua zinapohamishwa? Ni tatizo ambalo watafiti wa nchi nyingine hulifanya kwa mita za kisasa zenye data ya kila nyumba. Sisi tuna visanduku vya kuchomeka, mtandao wa simu unaopotea stima ikipotea, na daftari.

Sura ya tatu ya pendekezo naiandika upya. Sura ya pili nayo kwa kiasi kikubwa. Sijui kwa nini nimetoka pale nikiwa na furaha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeongeza ujumbe wa simu. Nyutro ikihama zaidi ya volti 30 kwa sekunde mbili mfululizo, watu wote watatu wanapata SMS: *Zima swichi kubwa sasa*, na saa. Mama wa samaki amenunua friza ya mtumba na kinga yake, lakini ameniambia kinga haisomi, SMS inasomeka.

Leo ujumbe wa kwanza wa kweli umekwenda. Mama alizima. Kisha akanipigia: "Umeandika 14:07. Hiyo ni saa ngapi?"

Nimebadilisha programu itoe saa sita kabla ya kutuma.

Jumatatu, 16 Juni

Ujumbe mwingine alfajiri ya leo, nyutro imehama volti 44 kwa sekunde tisa. Saa 12:15 asubuhi, mzee ndiyo kwanza anafungua kufuli. Amenipigia kabla sijaamka vizuri.

"Daktari, simu inasema nizime swichi saa 0:15. Saa sufuri ni saa gani hiyo, nyathina?"